Kupamba nyumba ya kupanga Kisumu: ununue nini kwanza?

Mpangaji wa Manyatta, Nyalenda au Kondele akipata elfu chache za kuipamba nyumba, mara nyingi huanza na maua ya plastiki, saa ya ukutani na vibandiko vya vipepeo. Pesa inaisha na chumba ni kile kile. Mgeni akiingia huona kuta, dirisha, mwanga na sakafu, kwa hivyo pesa ianzie hapo. Orodha hii naipanga kuanzia kitu ambacho ningekinunua kwanza, na joto la Kisumu limechangia sana mpangilio wake.

1. Rangi

Hakuna kitu kingine kinachobadilisha chumba kiasi hiki kwa bei hiyo. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, tena kwa ujumbe wa simu ili jibu lake libaki. Wengi hukata pesa za rangi kwenye depositi mpangaji anapohama, na huo ujumbe utakusaidia siku hiyo.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Ukiondoa mlango na dirisha, kuta zinabaki kama mita 26 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, na mkono mmoja hautoshi. Kwa hesabu hiyo debe la lita 4 litakuishia njiani. Kama huna pesa ya kuongeza lita mbili, paka kuta mbili vizuri, mikono miwili, kuliko kuzipaka zote nne rangi iliyozimuliwa maji hadi ukuta unaonekana kwa chini. Chagua ule ulio nyuma ya kochi na ule unaotazamana na mlango.

Nyumba nyingi za kupanga zimepakwa rangi ya mafuta kuanzia chini hadi kiunoni, na ya maji juu yake. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya ile ya mafuta hubambuka vipande vipande. Kama hujui ipi ni ipi, sugua pembeni kwa kitambaa chenye spiriti: ya maji itaacha alama kwenye kitambaa, ya mafuta haitashtuka. Ile ya mafuta ipige msasa mpaka ule mng'ao uishe, futa vumbi, ndipo upake.

Dukani ulizia rangi ya silki, yaani ya maji yenye mng'ao kidogo, hasa ukiwa na watoto. Bei yake iko juu, lakini alama za mikono zinafutika kwa kitambaa chenye maji. Zile za bei ya chini kabisa huacha unga kwenye nguo kila unapoegemea ukuta.

2. Mapazia ya mitumba

Soko la Kibuye, Jumapili, na uwahi kabla jua halijakuwa kali. Nenda na futi na vipimo vya dirisha umeviandika. Upana wa pazia uwe karibu mara mbili ya dirisha, la sivyo litaning'inia kama shuka kwenye kamba.

Mapazia yanayotoka Uingereza mara nyingi yana kibandiko cha vipimo kwa inchi, urefu ukiwa 54, 72 au 90. Chukua refu, fundi wa cherehani atalipunguza, fupi hana la kulifanyia. Tafuta lenye bitana, maana dirisha linalotazama magharibi huchomwa na jua la alasiri, na bitana ndiyo itakayokukinga. Kabla ya kulipa, linyanyue juu utazame jua kupitia kitambaa, kisha uvute kwa nguvu ile kingo iliyofifia. Kitambaa kilichooza kwa jua huchanika papo hapo, na muuzaji hawezi kukulaumu kwa kukagua mali. "Mama, mwisho ngapi?" liulizwe baada ya ukaguzi, si kabla.

3. Balbu

Ni pesa kidogo sana. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia wa ile ya zamani ya wati 60. Kwa sebule soma boksi utafute 3000K, mwanga wa manjano kidogo. 6500K ni mweupe wa dukani, unafaa jikoni. Angalia pia kichwa: nyumba nyingi hapa hutumia cha pini, si cha kuzungusha.

4. Kapeti ya plastiki

Huuzwa kwa mita na huficha simiti iliyopasuka. Hupigwa deki, jambo kubwa mahali penye vumbi. Lakini kama sakafu yako hutoa unyevu wakati wa mvua ndefu, usiigundishe. Itandaze tu, uinue pembe mara kwa mara ikauke, la sivyo utasikia harufu ya ukungu kabla hujauona.

Kapeti ya manyoya naiweka mbali kabisa. Kwa joto hili, na bila mashine ya kufyonza vumbi, ni mzigo.

5. Mafunjo na gugu maji

Mikeka ya mafunjo na vikapu vya gugu maji vya mafundi wa kando ya ziwa vinapendeza kuliko picha nyingi za fremu, na pesa inabaki kwetu. Kikapu kikubwa hufaa kwa nguo chafu au vitu vya mtoto. Nusa kabla ya kununua: chenye harufu ya uvundo hakikukaushwa vizuri, na kitaota ukungu kwako. Kiweke mbali na bafu.

Mwisho kabisa: vibandiko vya ukutani

Zile karatasi zenye picha ya matofali hung'aa siku ya kwanza. Kwenye ukuta wenye unyevu au rangi dhaifu, pembe huanza kufunguka, na mende wakapata makao. Ukihama utazibandua pamoja na rangi ya mwenye nyumba. Kama ni lazima, bandika juu ya vigae vya jikoni au mlango wa kabati, mahali pakavu na laini.