Doraji ya mfuko iliyoandikwa "imetolewa uchungu": uzoefu wangu

Doraji ni mizizi michungu inayoliwa Korea kama mboga. Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya mizizi yenyewe, si ya aliyeniuzia.

Walioolewa huku Korea wanajua wiki ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka mababu, inavyokuwa. Mume wangu ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo meza ya mababu huandaliwa kwetu, na kwenye meza ile hazikosi mboga za rangi tatu: doraji nyeupe, gosari ya kahawia (mashina machanga ya kangaga) na spinachi ya kijani. Wazee husema mzizi ni mababu, shina ni wazazi, jani ni sisi. Doraji ndiyo mzizi. Huwezi kuiacha ukasema utaiweka mwakani.

Doraji ile nyekundu nimeipika miaka mingi, ya gochujang (rojo la pilipili la Kikorea), siki, sukari na tango, na watoto wangu huimaliza kabla ya wali. Ya mababu ni kitu kingine. Haitiwi pilipili wala kitunguu saumu. Ni chumvi, mafuta ya ufuta na ufuta wenyewe, basi. Uchungu ukibaki humo hauna pa kujificha.

Kwa kawaida nanunua mizizi mizima nikaimenya mwenyewe. Chuseok hiyo nilikuwa na zamu za jioni, nikafika sokoni wenye vibanda wameanza kufunika vitu vyao. Kibanda kimoja kilikuwa bado na mifuko ya doraji iliyokwisha kumenywa na kuchanwa vipande, na juu yake kipande cha kadibodi kimeandikwa kwa kalamu nene: imetolewa uchungu, tayari kupikwa. Nikauliza kama ni kweli. Muuzaji akatikisa kichwa kukubali huku anaangalia simu. Nikalipa won 10,000, nikaondoka nimefurahi, nikijua nimeokoa saa nzima ya usingizi.

Asubuhi nikachemsha nusu ya mfuko kwa dakika moja hivi, nikakamua maji, nikakaanga. Ilitoka nyeupe, nzuri, inanukia ufuta. Ikawekwa mezani kwa mababu, tukainama, ibada ikaisha, tukakaa kula. Mama mkwe ndiye aliyeanza. Akatafuna polepole, akaacha kutafuna, akameza. Hakusema neno. Shemeji yangu akafuata, akanyoosha mkono kuchukua maji. Nami nikaonja. Jamani, shubiri! Kama umewahi kutafuna kidonge cha klorokwini bila maji, ndiyo hiyo. Nilitamani kulia, si kwa ajili yetu tulioketi pale bali kwa sababu mababu walikuwa wametangulia kupewa chakula kile kwa mikono yangu.

Vyombo vilipokwisha kutolewa, mama mkwe alifungua friji akatoa nusu ya mfuko iliyobaki. Akasema, "Lete chumvi ya mawe." Akaimwaga viganja viwili kwenye beseni, akaanza kuifikicha ile mizizi kama mtu anayefua kola ya shati. Nyumbani Tanga tuliifanyia karela hivyo hivyo. Baada ya muda vipande vikalegea, vikatoa maji yenye povu jeupe kama la sabuni. Povu hilo ni saponini, na ndiyo yenye uchungu. Akasuuza mara tatu, akaloweka kwenye maji baridi, kisha akanipa kipande kibichi nionje. Uchungu ulikuwepo, ila mdogo, wa mwisho wa ulimi, ule unaokufanya utake kipande kingine. Tulipoikaanga ikawa na ile "kru kru" ya kutafuna, na utamu wake kwa mbali. Tuliila sisi wawili tumesimama jikoni. Nilisema nyota moja, lakini kwa mizizi ile iliyofikichwa na mama mkwe ningetoa nne. Ilikuwa mibichi kabisa, haina nyuzi. Bidhaa si mbaya. Uongo ulikuwa kwenye kadibodi.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike.

Soko lilipofunguliwa tena nilirudi pale. Sikuwa nadai pesa. Nilitaka tu yule kijana aelewe kwamba maandishi yake si kweli, ili mwenzangu mwingine asiaibike. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja Mkorea, wa umri wangu hivi. Akaambiwa "eoseo oseyo", karibu, kwa heshima zote. Zamu yangu ilipofika nikaambiwa "Mwo?" Yaani "Nini?" Hivyo hivyo, mkavu.

Kwa asiyejua Kikorea: unapoongea na mtu mzima usiyemjua, mwisho wa maneno unatia "yo". Ukiiondoa unamsemesha kama mtoto wako au rafiki mliyekua naye. Wanaita banmal. Mimi nina watoto wawili, wa kwanza ananizidi kimo, na kijana yule nadhani hajafika thelathini. Nikamweleza kwa Kikorea safi, kila sentensi na yo yake. Akanijibu, "Wonrae sseo." Asili yake ni chungu. Hakuweka yo. Nikamwonyesha kadibodi yake mwenyewe. Akasema, bado kwa lugha ile ile, kwamba wageni hawajui kula doraji.

Ni kweli doraji ni chungu kwa asili. Hapa watu huichemsha na peasi wakanywa kwa ajili ya kikohozi, na nimewahi kuwanywesha wanangu. Kuna wanaopenda ule uchungu. Labda yeye kwao ndivyo wanavyoila, sijui, labda alichoka na siku ile ilikuwa ndefu. Usiku ule nilishaanza kumsamehe.

Halafu namkumbuka yule mama wa mbele yangu na ile "oseyo" yake, na damu inachemka upya. Kumbe anajua adabu! Anayo, anachagua wa kumpa. Nilikotoka mimi, kijana akipita bila kumpa mkubwa shikamoo anaitwa arudi. Kwa hiyo ile nyota moja nayo naiondoa. Mizizi haikuoteshwa na yeye, haikusafishwa na yeye, hana cha kusifiwa.

Siku hizi nanunua kwa bibi mmoja anayekaa chini kwenye lango la soko hilo hilo, na beseni la doraji zenye udongo wake. Kumenya kunachosha: unakata kichwa, unavuta ganda kwa kuzungusha, utomvu mweupe unanata vidoleni mpaka jioni. Nikiwa na haraka ananimenyea mwenyewe kwa kisu chake kidogo, na mara ya kwanza aliniambia bila kuulizwa, "Hii ni chungu, ifikiche kwa chumvi sana." Ananiita saedaek, bi harusi, ingawa miaka imekwenda. Akinirudishia chenji anaishika kwa mikono miwili na kusema "gomawoyo", asante. Yo yake ipo.