Blanketi la umeme kwa kipupwe cha Njombe na Makete: linafaa, ila si kwa kila kitanda

Juni ikiingia, swali dukani huwa lile lile: hita ipi haili umeme? Haipo. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa, iwe ya feni, ya mirija myekundu au ile ya mafuta yenye magurudumu. Muuzaji atasema ya mafuta ikishapata moto inapumzika. Inapumzika kweli, kama chumba kinatunza joto. Kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari, yenye uwazi kati ya ukuta na paa, joto linatoroka juu na themostati haipati nafasi ya kukata umeme. Unalipia kupasha hewa inayokwenda nje.

Ndiyo maana tunaliweka blanketi la umeme mbele ya hita zote kwa usiku. Halihangaiki na chumba, linapasha kitanda.

Tunazungumzia lile la kutandika, si la kujifunika. Linakaa juu ya godoro, chini ya shuka, likiwa limefungwa kwa mikanda ya lastiki kwenye pembe. La mtu mmoja huwa na wati 60 hivi, la wawili 100 hadi 120. Swichi yake ya mkononi kwa kawaida ina namba 1 hadi 3. Washa namba 3 nusu saa kabla ya kulala, kitanda kikiwa kimefunikwa na blanketi zako zote ili joto lisipotee, kisha rudisha namba 1 au zima kabisa. Usiku wa Njombe unaposhuka chini ya nyuzi 10, godoro lililopashwa hivyo na kufunikwa vizuri linashikilia joto kwa muda mrefu, na wengi hawahitaji kuliwasha tena.

Sasa gharama ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mteja wa D1, daraja la nyumba zenye matumizi madogo, ananunua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inakuwa 122. Akivuka 75, uniti ya ziada ni 350, yaani 427 na makato. Mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, analipa 292 kwa kila uniti, ambayo mkononi ni kama 356.

Chukua nyumba ya D1 inayotumia uniti 60 kwa taa, simu na televisheni. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 4 kila usiku kwa siku 30 inakula uniti 240. Kumi na tano tu ndizo za bei nafuu, 225 zinakwenda kwa 427, jumla karibu shilingi 97,900. Blanketi la wati 60 likiwaka saa 8 mfululizo kwenye namba ya juu, jambo lisilo na haja, linakula uniti 14.4 kwa mwezi. Nyumba inafika 74.4, haijavuka mstari, na gharama ya ziada ni kama shilingi 1,760. Kwa T1 hesabu ni 85,500 dhidi ya 5,130. Hapo sioni mjadala.

Mjadala upo kwenye usalama. Waya wa ndani unakatika panapokunjwa mara kwa mara. Dalili ya kwanza ni kipande kimoja kubaki baridi, ya pili ni alama ya kahawia kwenye kitambaa. Ukiona mojawapo, blanketi limekwisha, wala usimpelekee fundi aunge waya: kiungo hicho ndicho kitakachopata moto kuliko sehemu nyingine, na wewe umelala juu yake. Kiangazi likunje kwa kuviringisha kama mkeka, usilipange kwa mikunjo mikali na kuweka mzigo juu. Usichome pini. Usilitandike likiwa na unyevu.

Kuwa macho na ya mtumba. Mengine yametengenezwa kwa nchi za volti 110 au 120. Ukilichomeka kwenye 230, linavuta karibu mara nne ya wati zake. Soma lebo kabla ya kusoma bei, na kama lebo imekatwa, achana nalo. Jipya litafute lenye alama ya ubora ya TBS. Plagi ya pini tatu ikija na fyuzi ya ampea 13, mwambie fundi umeme aweke ya 3. Kwa kifaa cha wati 60 hiyo inatosha na kubaki, na hitilafu ikitokea inakata mapema. Hita ya wati 2,000 ni habari nyingine, inavuta karibu ampea 9, na zile adapta nyepesi za kugeuza pini mbili kuwa tatu huyeyuka kwenye mzigo huo. Ekstensheni nyembamba iliyoachwa imeviringwa ni mbaya zaidi.

Wasiolistahili: mtoto mchanga, mtoto anayekojoa kitandani, mgonjwa asiyeweza kujigeuza au kuzima mwenyewe, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi. Huyu anaweza kuungua asijue mpaka asubuhi.

Kwao, na kwa usiku umeme unapokatika, ipo chupa ya mpira ya lita 2. Ijaze theluthi mbili kwa maji ya moto yasiyochemka, kandamiza hewa itoke kabla ya kufunga, ivike kitambaa, iweke miguuni mwa kitanda. Kwa mtoto mchanga na kwa mwenye ganzi itumike kupasha kitanda tu, iondolewe kabla hajalala. Kuchemsha lita 1.5 kwenye jagi la umeme ni kama uniti 0.13, shilingi 45 hivi kwa T1. Mpira unazeeka: kwenye nyingi kuna alama ya ua karibu na mdomo, katikati mwaka wa kutengenezwa, petali ni miezi. Ikizidi miaka miwili ya matumizi, nunua nyingine. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani hulegea kwa maji ya moto, kifuniko kinaachia, kitanda kinalowa.

Jiko la mkaa chumbani halimo kwenye ulinganisho huu. Kuliacha nje mpaka mkaa uwe mwekundu kunaondoa moshi, hakuondoi kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Ukiamua kununua blanketi, omba litandazwe juu ya kaunta na kuchomekwa kwenye namba 3. Subiri dakika 10, kisha pitisha kiganja kutoka juu hadi chini ukifuata mistari ya waya. Joto liwe sawa kote. Gusa na kisanduku cha swichi: vuguvugu ni kawaida, kikikuunguza kidole lirudishe kwenye boksi.