Miezi minane ndani ya faili za Bushehr: uzoefu wangu na Qatar Digital Library

Nilianza kwa sababu ya boriti. Dari ya nyumba yetu Unguja imeshikwa na boriti za mikoko, na marehemu bibi alipenda kutuambia kwamba baba yake alikuwa akipeleka boriti kama zile "Linga", akirudi na tende, papa mkavu na mazulia. Hakuna mjukuu aliyejua Linga iko wapi. Wengine tulidhani ni mtaa wa Maskati. Usiku mmoja niliandika Lingah kwenye kisanduku cha kutafutia cha Qatar Digital Library, maktaba ya mtandaoni ya nyaraka za zamani, na ikanijia: Bandar Lengeh, mji wa pwani ya kusini ya Uajemi, Iran ya leo. Nililala saa tisa usiku. Imepita miezi minane, na naona wakati umefika niwaelezee wengine, hasa sisi wa pwani, kilichomo humo ndani.

Huduma yenyewe ilifunguliwa mwaka 2014, kazi ya pamoja ya British Library ya London na Qatar Foundation pamoja na Maktaba ya Taifa ya Qatar. Kuna kurasa zaidi ya milioni moja zilizopigwa picha, nyingi ni za India Office, ofisi ya London iliyosimamia mambo ya India. Hujisajili na hulipi hata senti. Picha ya ukurasa unaivuta karibu mpaka uone mihuri na madoa ya wino. Kurasa zilizopigwa chapa zina maandishi pembeni unayoweza kuyanakili. Zilizoandikwa kwa mkono utazisoma kwa macho yako mwenyewe, na mwandiko wa makarani wa miaka ya 1860 unataka subira. Maelezo ni ya Kiingereza na Kiarabu.

Sasa, ripoti za Bushehr zenyewe. Bushehr ni bandari ya Uajemi kwenye Ghuba, na kituo cha Waingereza hapo kilianzishwa na Kampuni ya Mashariki ya India mwaka 1763, na makao ya mwakilishi wao mkuu wa Ghuba nzima yalibaki hapo hadi yalipohamishiwa Bahrain mwaka 1946. Mwakilishi huyo alikuwa na mawakala bandari kwa bandari, wengine wakiwa wafanyabiashara wenyeji, waliomwandikia kila kitu: nani kaua nani, msafara upi umeporwa, meli ipi imeshusha sukari, gavana mpya wa jimbo la Fars ana tabia gani. Kuanzia mwaka wa 1873–74 yote hayo yakawa yanakusanywa katika ripoti ya mwaka iliyopigwa chapa. Sehemu ya mbele ni siasa na fujo. Sehemu ya nyuma ni majedwali ya biashara: nguo, mchele, sukari na chai vikiingia, afyuni, mazulia, tende, sufu na lozi vikitoka.

Nilivyoanza nilisoma kama kila mtu, kuanzia mbele. Nikachoka haraka. Mwaka baada ya mwaka ni makabila "yasiyotulia", barabara "isiyo salama", mkuu wa kijiji "mkorofi". Ukisoma hivyo unaweza kuamini kwamba watu wa pwani ile walizaliwa na ugomvi kifuani. Kilichonifungua macho ni siku niliyosoma ripoti moja kwa kinyume, jedwali la biashara kwanza, habari za fujo baadaye. Nakuomba nawe ufanye hivyo. Hesabu za forodha zinakueleza ghasia zimetoka wapi, mara nyingi kwa uaminifu kuliko maneno ya afisa aliyezieleza.

Chukua hiyo hiyo Lingah. Ulikuwa mji wa lulu na wa majahazi, na kwa muda mrefu ukitawaliwa na mashekhe wa Kiqasimi, wa ukoo mmoja na wa Sharjah na Ras al-Khaimah ng'ambo ya pili. Mwaka 1887 serikali ya Uajemi iliwaondoa. Kisha Tehran ikaikabidhi forodha kwa Wabelgiji wakiongozwa na Joseph Naus, na mwaka 1903 ukaja utaratibu mpya wa ushuru badala ya ile asilimia 5 iliyozoeleka. Chai ilipandishiwa mno. Wafanyabiashara wa Lingah hawakupigana. Walikunja mikeka yao wakavuka maji kwenda Dubai, ambako mtawala alikuwa ameondoa ushuru, na meli za barua za kampuni ya British India zikawafuata huko. Ukiweka ripoti za miaka hiyo sambamba, unaiona bandari moja ikinyauka na nyingine ikichipuka, safu kwa safu, kwa tarakimu tupu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bibi alisema baba yake "aliacha Linga, akawa anakwenda Dubai". Kwetu tulidhani alichagua tu.

Habari ya Bushehr mwaka 1909 niliisoma mara nne. Ilikuwa wakati wa mapambano ya katiba; Shah Mohammad Ali alikuwa amelipiga mabomu bunge mwaka uliotangulia. Sayyid Murtaza wa Ahram, mwanachuoni wa dini, na Watangistani wake, watu wa pwani ya jirani, waliingia mjini kwa jina la wapenda katiba na kukamata forodha. Punde Waingereza wakashusha wanamaji. Kwenye barua za siku zile neno linalojirudia ni usalama wa wageni. Lakini forodha za bandari za kusini zilikuwa zimewekwa rehani kwa mikopo ya Kiingereza, na aliyeishika forodha alikuwa ameishika rehani. Nikiwa nasoma hayo nilikumbuka Pangani ya Agosti 1888, pale kampuni ya Wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake na kushika forodha ya Sultani, na pwani nzima ya Mrima ikawaka. Bushiri bin Salim naye ameandikwa kwenye nyaraka za wakubwa wa zama zile kama mleta fujo. Sisi tunajua alikuwa nani.

Njia ya Bushehr kwenda Shiraz nayo ina faili zake, na ni nyingi kuliko nilivyodhani. Njia ile inapanda milima mikali kupitia Kazerun, na kila mkuu wa eneo alitoza ushuru wa njia kwa nyumbu wanaopita. Kwa muandishi wa ripoti huo ni unyang'anyi. Kwa mkuu wa kijiji lilikuwa pato la kulisha watu wanaolinda njia hiyo hiyo. Oktoba 1910 Uingereza iliionya Tehran kwamba njia isipotengemaa ndani ya miezi mitatu, itaunda kikosi cha wenyeji chini ya maofisa wa jeshi la India. Serikali ya Uajemi ikaona heri kuleta maofisa kutoka Sweden wa kuunda kikosi cha kulinda njia.

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza vikiendelea, mambo yakawa moto kweli. Wakala wa Kijerumani Wilhelm Wassmuss alikuwa akizunguka kwa makabila akiyachochea dhidi ya Waingereza. Julai, maofisa wawili wa Kiingereza waliuawa nje ya Bushehr. Agosti mji ukakaliwa, na hata stempu za posta zikapigwa muhuri wa kusema uko chini ya Waingereza. Kijiji cha Delvar kiliharibiwa. Rais Ali Delvari, kiongozi wake, aliuawa Septemba mwaka huo huo, na leo Iran inaadhimisha siku yake kila mwaka. Kwenye faili anatajwa kama khan mdogo mwenye kusumbua. Niliposoma hivyo niliifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo, kwa sababu najua ni wangapi wa kwetu walioandikwa kwa kalamu ile ile.

Kalamu ile ile, nasema kwa maana kamili. Lewis Pelly, mwakilishi wa Bushehr kuanzia 1862 hadi 1872, alifika huko akitokea Unguja, alikokuwa akikaimu ukonseli. Na Bandar Abbas, bandari nyingine ya pwani ile, kwa kodi iliyolipwa kwa Uajemi, ilikuwa mikononi mwa watawala wa Oman tangu miaka ya 1790 hadi 1868. Kwa hiyo Seyyid Said alipokuwa akiishi Unguja, forodha yetu na ya Bandar Abbas zilikuwa chini ya mtu mmoja. Shuleni hatukufundishwa hilo. Tulifundishwa Washirazi na Kilwa, kisha pazia likashuka, kana kwamba kaskazi iliacha kuvuma.

Kuna faili moja aina yake ninayotaka uiendee taratibu, na ikiwezekana si usiku. Ni maelezo ya watumwa waliofika kwa mawakala wa Kiingereza kuomba hati za uhuru, mengi ya karne ya 20. Wamo Wabaluchi walioibwa pwani ya Makran, wamo Wahabeshi, na wamo waliosema walizaliwa Unguja au pwani yetu. Kila mmoja amepewa ukurasa mmoja au chini yake: jina, umri wa kukisia, alichukuliwaje, aliuzwa kwa nani, alizamia lulu kwa nani. Hapo tu, katika faili zote nilizosoma, ndipo mtu wa kawaida anapozungumza mwenyewe, ingawa kupitia kwa mkalimani na karani. Nimeandika pembeni majina ya wale waliosema wametoka kwetu. Sitayataja hapa, lakini ninawasomea Fatiha.

Kwa anayetaka kuanza: tafuta kwa tahajia ya zamani. Andika Bushire, si Bushehr, Lingah, si Lengeh, Bunder Abbas, Mohammerah badala ya Khorramshahr. Nakili namba ya faili, ile inayoanza na IOR, kila unapopata kitu, maana kurudi bila namba ni kutafuta sindano baharini. Faili za kundi la R/15 ndizo za Bushehr yenyewe. Ukitaka kujua mji au kabila kwa haraka, tafuta J. G. Lorimer, afisa aliyeandika kitabu kikubwa cha maelezo ya miji, makabila na historia ya Ghuba; kazi yake ilipigwa chapa kwa siri kwa ajili ya maofisa tu, na yeye mwenyewe alifariki Bushehr mwaka 1914 akiwa mwakilishi huko. Usichapishe faili nzima dukani kabla ya kuhesabu kurasa. Duka moja mjini lilinichapia kurasa 300 za bahasha na karatasi tupu, na pesa sikurudishiwa.

Nyota tano kati ya tano. Ningetoa sita siku mtu atakapotafsiri hata maelezo ya faili za Unguja kwa Kiswahili, na kama kuna anayeanzisha kazi hiyo, mimi nipo.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye majedwali tena. Katika orodha ya nchi zilizouziana na bandari za Ghuba, chini kabisa, kuna safu ya Zanzibar, na upande wa bidhaa zinazoingia kuna nguzo za kujengea. Waajemi wa pwani huziita chandal; upana wa vyumba vyao vya zamani unafuata urefu wa boriti, kama vyetu. Nilimpigia shangazi simu nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nipande juu nizihesabu za dari yetu. Ziko ishirini na mbili.