Reale ya Sham kwa masonara wa Dar: lipia fedha, usilipie mwaka

Ni ile sarafu nene yenye mama wa ushungi upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Wazee wa pwani waliiita reale ya Sham; kwa jina lake la Ulaya ni thala ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Muuzaji atakuonyesha 1780 kwa kidole kisha ataje bei ya kitu cha kale. Usimfuate. Mama huyo alifariki Novemba 1780, na Vienna iliendelea kuipiga chapa kwa mwaka uleule hata baada ya karne mbili. Karne ya 20, London, Roma na Bombay nazo ziliipiga. Herufi S.F. chini ya kifua ni za maofisa wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, lakini zimenakiliwa tu miaka yote, hivyo hazithibitishi umri.

Bei ya haki basi ni fedha iliyomo: gramu 23.39 safi, karibu robo tatu ya aunsi ya masonara (troy), kwa bei ya siku. Ongeza kidogo kwa uzuri wake.

Nzima ina gramu 28.07 na upana wa karibu milimita 40. Uzito pekee huigizwa, kwa hiyo omba kipimo cha maji. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani isome gramu 2.75. Ikifika 3.1, ni shaba iliyopakwa fedha, ikishuka 2.5, shuku risasi. Ondoa mapovu kwanza, maana hupandisha namba.

Ukingoni ndiko waigaji huchoka. Maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA lazima yainuke. Ukingo mtupu au wenye mshono ni wa kumiminwa kwenye kalibu. Usikubali sonara aupitishe tupa "kujaribu". Ataharibu ushahidi wenyewe.

Iliyolehemewa kikuku cha mkufu inunue kama kidani tu. Mizani haikusaidii tena, na kikuku kikitolewa kovu hubaki.

Adimu ni zile za miaka ya kabla ya 1780. Asiye na ushungi kwa kawaida ni wa kabla ya 1765, mwaka aliofiwa na mumewe. Hiyo usiisugue kwa ndimu na majivu, hata ikiwa nyeusi tii.