Iraki 2007: Kuongeza Askari au Kupanga Tarehe ya Kuondoka

Mwanzoni mwa 2007, muda mfupi baada ya wapiga kura kukinyang'anya chama chake wingi wa viti bungeni, Rais George W. Bush wa Marekani alikuwa na njia mbili: kupeleka Iraki askari zaidi ya 20,000, au kukubali ratiba ya kuondoka. Alishika ya kwanza, na Mei 1 akatumia kura ya turufu kuukataa mswada uliofungamanisha fedha za vita na tarehe za kuondoa majeshi.

Mauaji yalipungua baadaye, ingawa si kwa sababu ya askari hao peke yao. Ratiba, kwa maoni yangu, ingewabana mapema wanasiasa wa Baghdad wapatane, na ingeheshimu kura. Isitoshe, mwaka 2008 Bush huyohuyo alitia saini makubaliano ya kuondoa majeshi yote kufikia mwisho wa 2011.