Gari linakusumbua: ulitengeneze, uliuze au ulibadilishe? Njia tano, kuanzia ninayoiamini zaidi

Mwaka jana gari langu lilikuwa linachemsha kila nikikwama kwenye foleni ya Ubungo. Barabara ikifunguka kuelekea Kimara, mshale wa joto unashuka wenyewe, nami najipa moyo kwamba limepona. Kesho yake hali ile ile. Fundi wa mtaani akaniambia gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe, niandae milioni moja na laki mbili. Nikaanza kupita kwenye yadi za magari nikitoka kazini. Yadi moja ikanipigia hesabu: acha gari lako hapa, ongeza milioni sita, ondoka na hili. Nilishaanza kuzitafuta hizo milioni sita.

Shemeji yangu akanisihi nimwone kwanza fundi mmoja wa Tabata, mtu mzima, mpole. Hakugusa spana. Alisubiri injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, kikatoka na tope la rangi ya kutu. Akaliwasha na kuliacha lingurume pale pale, kifuniko kikiwa wazi, akawa anachungulia maji na kusikiliza. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Mshale unapanda, feni kimya.

"Dada, hii gari haina shida ya gasketi. Ingekuwa imeungua ungeona mapovu yanapanda hapa kwenye maji. Feni imekufa. Halafu kuna fundi alishakutolea themostati."

Akaweka mota nyingine ya feni, akarudisha themostati (ile inayofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto la injini), akasafisha rejeta na kujaza kulanti badala ya maji ya bomba. Laki mbili na themanini kwa yote. Gari hilo ndilo ninaloliendesha hadi leo.

Ndiyo maana naanzia mahali ambapo muuza magari hawezi kukuanzishia. Gari kusumbua ni dalili tu. Kabla ya kutafuta jingine, jua ugonjwa wa hili ulilo nalo, na uujue kutoka kwa mafundi wawili wasiofahamiana. Wa pili usimwambie wa kwanza alisema nini.

Hesabu ya kufanya kabla ya yote

Kusanya risiti na meseji za malipo za miezi 12 iliyopita. Oili, tairi, pedi za breki, betri na bima weka kando, maana gari utakalolinunua nalo litayadai hayo hayo. Bakiza yale ya kuharibika tu: mota ya feni, alteneta, gia boksi, kuvutwa barabarani. Hiyo ndiyo gharama halisi ya usumbufu.

Sasa weka gharama ya kubadilisha upande wa pili. Tuseme gari lako ukiliuza mwenyewe linaleta milioni 8 na nusu, yadi inalipokea kwa 6. Milioni 2 na nusu imeshaondoka. Gari unalochukua ni la mtumba vilevile, kwa hiyo wiki ya kwanza utamwaga oili ya injini na ya gia boksi, utabadili bushi na shokapu zilizochoka, pengine na tairi mbili. Tenga milioni moja. Ongeza ushuru wa stempu na ada ya kubadili umiliki. Unapita milioni tatu na nusu, na hapo sijahesabu ile pesa uliyoongeza juu wala ugeni wa gari lenyewe. Mimi matengenezo ya kuharibika kwa mwaka mzima yalikuwa laki saba.

Nafasi ya kwanza: litengeneze, ubaki nalo

Njia hii inashinda pale ambapo ugonjwa ni mmoja, unajulikana jina, na bodi na chesisi ni nzima. Hata injini ikifa, kwa magari yaliyojaa mtaani kama IST, Raum, Premio na Allion za cc 1500, injini ya mtumba iliyotoka Japani inapatikana Kariakoo, kule Gerezani na Shaurimoyo, na mafundi wanaoifahamu hawana idadi. Isikilize ikiwaka kabla ya kulipa, andikiana na muuzaji muda wa dhamana, na usisahau kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, kadi nayo irekebishwe TRA (Mamlaka ya Mapato), vinginevyo siku ya kuuza utakwama.

Angalia pia kama gari limeumizwa na matengenezo ya njia za mkato. Kutoa themostati ili gari "lisichemshe" ni moja. Feni iliyounganishwa moja kwa moja ili izunguke muda wote ni nyingine. Kubwa kuliko zote ni gia boksi za CVT (otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za meno) kujazwa oili ya gia ya kawaida kwa sababu ile yake ni ghali. CVT inataka oili yake maalumu. Ukiweka nyingine itatembea, kisha itaanza kuvuta kwa kusitasita, na mwisho mwenye gari ataambiwa aina hiyo ya gari ni mbovu.

Achana na njia hii, tena bila huruma, ikiwa chesisi imeliwa na kutu (magari yaliyokaa karibu na bahari yakague chini, si juu), ikiwa gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko, ikiwa nyaya zimekatwa na kuungwaungwa hadi hakuna fundi umeme anayezielewa, au ikiwa injini na gia boksi vimechoka kwa pamoja. Na ikiwa unaendesha usiku na watoto ndani na huna imani na breki au usukani baada ya kutengeneza mara mbili, hesabu ya pesa ikae pembeni. Liondoe.

Nafasi ya pili: liuze mwenyewe, nunua kwa mwenye gari

Ukishaamua linaondoka, hapa ndipo pesa yako inabaki nyingi zaidi. Inachosha: simu za madalali, watu wanaokuja kuangalia tu, wiki tatu za kusubiri. Lakini ile milioni mbili na ushee inabaki kwako.

Mnunuzi mwambie ukweli. Mwambie linachemsha, au linakula oili, na mpe karatasi ya vipimo. Bei itashuka kidogo, ila utalala usingizi, na hutapigiwa simu na mtu aliyekwama Chalinze na familia yake.

Unapogeuka kuwa mnunuzi, mtafute mtu anayemiliki gari kwa miaka na anayeweza kukutajia fundi wake kwa jina. Omba kuliona asubuhi kabla halijawashwa, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi siku nyingine. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima ili usiione. Vuta kijiti cha oili, fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, na ukikuta kitu kinachofanana na chai ya maziwa, oili na maji vimechanganyika. Aga. Kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, huku ukienda polepole, na kama magurudumu ya mbele yanalia tak-tak-tak, CV joint (viungo vya ekseli za mbele) zimeisha. Toa gia kutoka R kwenda D ukiwa umekanyaga breki: ikichelewa kisha ipige kishindo, gia boksi ina neno. Washa AC ukae nalo kwenye foleni dakika ishirini, usiridhike na mzunguko wa mtaa. Mwisho lipeleke likapimwe kwa mashine, na umuulize fundi kama kumbukumbu za makosa zimefutwa karibuni. Zikiwa zimefutwa jana, uliza kulikuwa na nini juzi.

Makaratasi: kadi halisi, jina lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza, na namba ya gari iangaliwe kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, kwa sababu madeni yanafuata gari. Kama kadi "iko kwa ndugu", mara nyingi iko kwa mkopeshaji.

Nina neno moja kuhusu herufi za namba. Watu wanaongeza milioni kadhaa ili wapate namba E badala ya D. Herufi hiyo, ya kwanza baada ya tarakimu, inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na unaweza kukuta mbili za mwaka mmoja, moja namba D na nyingine E. Ya E imekula barabara zetu kwa muda mfupi zaidi, hilo ni kweli na lina thamani yake. Lakini kati ya E iliyokuja na kilomita zilizorudishwa nyuma na D yenye mmiliki mmoja na daftari la servisi, mimi nachukua D.

Nafasi ya tatu: uza, kisha agiza Japani

Gari linalotoka huko moja kwa moja mara nyingi lina mwili mzuri kuliko la hapa, na karatasi ya mnada inakueleza hali yake: daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 lina mikwaruzo na uzee wa kawaida, R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Idai karatasi hiyo kabla ya kutuma hata shilingi.

Kinachowaangusha wengi ni ushuru. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, kuna ushuru wa uchakavu (asilimia 15 kwa gari la miaka zaidi ya 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi 10), kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Kwa hiyo gari la bei rahisi la mwaka 2005 linaweza kudaiwa kodi inayokaribia bei yake yote pamoja na usafiri wa meli. Tena TRA wana thamani zao kwenye kikokotoo chao cha mtandaoni, hawafuati risiti yako. Ingiza mfano, mwaka na cc kabla ya kuchagua, kwa sababu bajeti hubadili viwango. Jirani zetu wa Kenya hawana mtihani huu wa magari makuukuu, kwani kwao gari lililozidi miaka 8 haliingii.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu unalipa kabla ya kuona, na unakaa miezi miwili au zaidi bila usafiri ikiwa umeshauza la zamani.

Nafasi ya nne: kuacha gari yadi na kuongeza pesa juu

Hii ndiyo watu wanaiita topu-apu, na ndiyo rahisi kuliko zote. Unaingia na gari bovu saa nne, unatoka na jingine saa nane. Shemeji yangu, huyo huyo aliyeniokoa mimi, alikuwa ameshaifanya kabla yangu. Gari lake lilipokelewa kwa milioni 6. Wiki mbili baadaye tuliliona mtandaoni, limepigwa polishi, milioni 8.8. Alilochukua yeye lilianza kuteleza gia mwezi wa tatu. Alinipeleka Tabata kwa sababu hakutaka yanipate yale yale.

Ikiwa huna muda kabisa, nenda, lakini zitenganishe bei mbili. Kwanza ulizia gari lao kama mtu mwenye pesa taslimu, bishana hadi bei ya mwisho, iandike. Hapo ndipo useme una gari la kuacha. Ukianza na lako, watakupa bei nzuri ya gari lako na kuirudisha yote kwenye bei ya lao.

Nafasi ya tano: mkopo ili ubadilishe

Usikope kwa riba ya mwezi, kadi ikiwa dhamana, ili kukimbia ubovu. Gari jipya likiharibika utakuwa na fundi anayedai na mkopeshaji anayedai, na mkopeshaji ndiye mwenye kadi.

Ukibadilisha, chukua nini?

Usipande daraja kwa pesa ile ile. SUV kubwa ya Ulaya inayouzwa bei ya IST imeshushwa bei na mtu aliyepiga hesabu ya spea zake. Chukua injini rahisi: 1NZ-FE ya cc 1500, kwa mfano, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi na spea zake ziko hadi miji midogo. Injini za D4, zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zikishazeeka usizichukue isipokuwa una fundi anayezijua kwa mikono yake, maana pampu yake ya presha kubwa ni ghali na mafuta machafu yanaiua.

Siku ya kukabidhi gari la zamani

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, ukiwa na tarehe na saa. Piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita, na ya mnunuzi akiwa amesimama karibu na namba ya gari. Kisha fuatilia TRA hadi jina lako litoke kwenye kadi, usimwachie mnunuzi wala dalali kazi hiyo. Kabla halijatoka, faini za barabarani zitaendelea kusoma kwako, na likigonga mtu Kibaha usiku, polisi watabisha mlango wako.