Zorki 4 na miwani yangu: msinunue, ama mnunue, sijui tena

Kwanza niseme sina ubaya na kamera za zamani, nazipenda, ndio maana pesa yangu ilienda huko. Shida yangu ni kijana wa duka moja la ghorofani hapa Kisumu mjini, zile ngazi za giza unapanda ukishika ukuta, ambaye aliniona nimevaa miwani, minene kama chini ya chupa, akachukua pesa yangu akaihesabu mara mbili na hakuona haja ya kuniambia kitu. Alafu niliporudi ananiambia, "Madam, kamera iko sawa, ni macho yako ndio yako na shida." Mbele ya watu. Kulikuwa na mama amekuja kupigwa picha za paspoti na mtoto wake, wakacheka wote, hadi mtoto.

Kamera ni Zorki 4, kitu ya Mrusi, chuma tupu, ukitembea nayo bega linajua. Wale hamjawahi kushika renjifainda, pale huangalii kupitia lenzi, unaangalia kidirisha kidogo juu kwa kona (ndio maana unaweza kupiga roli nzima na kifuniko cha lenzi hujatoa, msiniulize nimejuaje). Katikati ya kidirisha kuna kiraka, ndani yake kitu kimoja unakiona viwili, unazungusha lenzi polepole hadi vishikane, vikishikana fokasi imekubali. Mkono ukizoea ni raha sana. Lakini kidirisha chenyewe kinataka jicho likae karibu kabisa, na mimi jicho langu haliwezi, kioo cha miwani kimekaa pale katikati kama shemeji aliyeketi kati ya maharusi. Kiraka nakiona. Pembe ndio sioni. Kujua picha inaishia wapi lazima nisukume uso kushoto, nisukume kulia, juu, chini, nikimaliza hiyo safari yule nilikuwa nampiga ameshachoka kutabasamu ameenda zake.

Na msidhani nilikuwa nakata watu vichwa. Kinyume kabisa, kamera inaona zaidi ya mimi. Roli ya kwanza nilipiga Dunga asubuhi, wavuvi wakirudi, nikaituma Nairobi ikasafishwe, na zilivyorudi kila picha ina mgeni hakualikwa. Mkono wa mtu na chupa ya soda. Nusu ya pikipiki. Kuna moja ya mama anaanika omena, mwanga umemlalia bega vizuri, picha ya kuweka ukutani kabisa, na pale pembeni kulia kuna mzee anachokora pua kwa bidii. Mimi huyo mzee sikumwona, naapa.

Hiyo yote ningevumilia. Kitu ilinimaliza ni mkwaruzo. Hicho kidirisha kimezungushiwa chuma, hakuna raba, na mimi nabonyeza uso pale kila siku nikitafuta hizo pembe, wiki mbili hivi ama tatu, siku moja nafuta miwani naona kioo cha kulia kina alama imepinda kama ukucha. Katikati kabisa, penye naonea. Sasa usiku nikipita Kondele kila taa ya gari ina mkia. Na lenzi zangu si za kuokota, nina mainasi nne na nusu, yaani vya mbali sivioni, na astigimatizimu juu yake, ile jicho halijapinda sawa pande zote, kioo kimoja tu ukisikia bei unakaa chini kwanza.

Ndio nikarudi dukani. Sikuenda kudai pesa, sawa, nilienda kudai pesa, lakini zaidi nilitaka tu mtu aseme pole. Kijana hata hakuinua uso kwa simu. "Si utoe miwani?" Nikamwambia nikitoa miwani wewe mwenyewe hapo unakuwa sauti tu. Ndio akanionyesha kile kikono kiko chini ya kinobu cha kurudishia filamu, eti hapo unazungusha inakuwa kama miwani. Sikatai, kipo, kuna kamera za bei kubwa hazina hicho kitu. Nikazungusha hapo hapo mpaka mwisho. Ukungu. Na hata kingefika namba yangu, astigimatizimu hakiwezi, na nikishatoa jicho kwa kamera je, nitatembea vipi, nivae, nivue, nivae, nivue, kama mtu anasalimia msafara wa rais na kofia?

Nikajaribu kumweleza pole pole, kama ninavyoeleza darasa la nne, kwamba hii shida ni ya miaka mingi, hata Leica M3 ya 1954, renjifainda ya Mjerumani ya bei kubwa, kidirisha chake kinakuza 0.91, vitu vinaonekana karibu na ukubwa wake wa kweli, na bado wenye miwani wanahangaika kuona fremu ya lenzi ya milimita 50 yote, ndio maana baadaye sana kulikuja Leica ingine, M6 TTL, yenye kidirisha cha 0.58, vitu vinakuwa vidogo lakini pembe unazipata. Kwa hivyo ukiuzia mtu wa miwani unamwambia mapema. Unajua alinijibu nini? "Basi madam, ungenunua hiyo."

Ungenunua hiyo! Na mshahara wa mwalimu!

Nikashuka zile ngazi natetemeka, nikaenda kwa mzee wa pancha pale chini. Nilimweleza mara moja tu. Akakata pete kwa tyubu ya baiskeli, akabandika na gundi, akapuliza, akasema, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "sasa haiwezi kukuuma tena," na pesa akakataa. Huyo ndio angekuwa anauza kamera. Ila raba nayo ina unene wake, jicho likasukumwa nyuma zaidi, hata kale kaupana nilikuwa nako kakapungua, usiku nikaibandua nikihisi ni kama namsaliti mzee wa watu. Nimeweka plasta ya vidonda, ile nyembamba. Ikichafuka nabadilisha.

Nilikuwa nimalizie hapo, msinunue. Lakini juzi jioni nilirudi Dunga, nimechoka, sina hata nguvu ya kutafuta pembe, nikaacha tu jicho la kushoto wazi, la kulia kwa kamera, na lile la kushoto likawa linaona kila kitu, boti inaingia, kijana amesimama mbele anarusha kamba, na kwa kiraka zile kamba mbili zikakaribiana, zikakaribiana, zikawa moja, na nikabonyeza. Hapo sikufikiria miwani hata kidogo. Filamu bado iko ndani, sijui kama imetoka, lakini nilirudi nyumbani nikiimba.

Bado nina hasira na yule kijana wa duka lakini. Jana amenitumia meseji, "Madam nimepata ingine ya Mjapani, kidirisha kikubwa, nikuwekee?" Hakuna pole, hakuna nini. Nimemnyamazia mchana mzima ndio ajue. Jioni nimemuuliza tu kama hiyo iko na raba.